Jinsi ya kuzungumzia kusaidiwa kufa barazani bila kumpoteza aliyenyamaza

Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, watu kumi hadi kumi na wawili huketi barazani kwangu hapa Oli, mjini Arua, Uganda. Kahawa ya tangawizi natoa mimi, karanga huleta aliye zamu. Wako vijana wa boda, wanajeshi wawili wastaafu, mwalimu wa Kiswahili, shehe wa mtaa, katekista kutoka Ediofe, fundi wa redio na akina mama wawili wauza samaki. Nilisomea uuguzi wa akili Butabika, hospitali kuu ya akili ya Uganda, na nikaufanya miaka ishirini na saba hadi kustaafu, kwa hiyo wote huniita Sista, hata walionizidi umri.

Mada hii ililetwa na kijana wa boda. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba huko Uholanzi binti wa miaka 29, asiye na saratani wala UKIMWI, alikubaliwa na madaktari wamsaidie kufa kwa sababu ya maradhi ya akili, akafa Mei 2024. "Sista, hii ni huruma au wazungu nao wameugua?" Nikafanya kosa la kiwalimu. Niliwagawa pande mbili, wanaokubali na wanaokataa, dakika tano tano, kama mashindano ya shule. Walichangamka kwelikweli. Mwishoni fundi wa redio, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu aketi, akauliza: "Kwani huko Kanada mtu akitaka, anaanzia ofisi gani?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Saa tano usiku, nakunja nguo, swali lake likanirudia. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua kibanda. Nitalieleza hilo baadaye, kwa ruhusa yake. Haya ninayoyaandika ni namna ninavyoyaongoza mazungumzo haya sasa. Ukiwa mwalimu, kiongozi wa kikundi cha akiba, au umejikuta tu wewe ndiwe unayesikilizwa mtaani, chukua yatakayokufaa.

KABLA HUJAWAITA

Mada hii isiwekwe katika juma ambalo mtaa umemzika mtu aliyejiua. Usiilete mbele ya umati pia. Watu kumi na wawili ndio mwisho. Wakizidi hutaziona nyuso zao, na kazi yako kubwa siku hiyo ni kuzitazama nyuso. Simu zisirekodi. Mimi huketi kwenye kigoda karibu na birika, mgongo ukutani, ili asiwepo mtu nyuma yangu.

Siku moja kabla, nenda kwa miguu yako mwenyewe hadi kitengo cha akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu. Uliza mambo mawili: nani yuko zamu kesho jioni na kesho kutwa asubuhi, na dawa gani ziko kabatini leo. Usikubali kuambiwa "zipo". Zitaje moja moja. Amitriptilini ipo? Fluoksetini? Haloperidoli? Yote mawili utayahitaji, la kwanza kwa ajili ya mtu, la pili kwa ajili ya hoja.

MANENO KWANZA, HOJA BAADAYE

Mara ya pili nilipoongoza, niligundua kwamba nusu ya ugomvi wetu ulikuwa ugomvi wa maneno. Mmoja akisema "kusaidiwa kufa", mwenzake anasikia "kuzimiwa mashine", wa tatu anasikia "mofini". Basi naanza kwa kutenganisha. Mgonjwa kukataa matibabu yasiyomfaa tena ni jambo moja. Mgonjwa kupewa dawa kali ya maumivu ni jambo jingine. Yote mawili tunayaweka kando. Tunachobaki nacho ni daktari kumaliza uhai wa mgonjwa kwa ombi lake mgonjwa, au kumpa njia ya kuumaliza mwenyewe, chini ya sheria inayoruhusu.

Hiyo mofini ieleze polepole, maana hapa kwetu kuna watu bado wanaiogopa kama sumu. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wenye maradhi yasiyopona, ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, pale Kampala, na tangu hapo mofini ya maji imekuwa ikichanganywa na kutiwa kwenye chupa, mgonjwa akinywea nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kazi hiyo kuiandika wenyewe, wasisubiri daktari. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazikuwa zimefika hapo. Mofini hiyo inaua maumivu, mwenye kuumwa anabaki. Mtu akishalielewa hilo, hatasimama tena kusema kwamba anayekufa kwa saratani ana njia mbili tu, kuteseka au kuuawa.

Halafu majina ya ugonjwa. Barazani kwangu anayetamka "kichaa" au "mwendawazimu" analipa nusu kilo ya sukari. Mwanajeshi mmoja ameshatununulia sukari ya kutosha mfungo mzima. "Sonona" wanaijua waliosoma vitabu vya Tanzania, wengine husema "mawazo mengi" au "roho imechoka", nami naacha kila mtu aseme lake. Huwa nawapa pia maneno mawili ya Kiganda. Watafiti waliofanya kazi vijijini Masaka na Rakai waliwakuta watu tayari wana majina yao ya hali hii: *yo'kwekyawa*, kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia. Ugonjwa haukuletwa na wazungu kwenye begi.

SHERIA ILIVYO, BILA CHUMVI

Hapa pita haraka lakini usikosee, kwa sababu uvumi ndio unaoharibu.

Uganda: anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Na aliyejaribu kujiua akanusurika naye amewekwa katika sheria ya adhabu kama mkosaji. Ndiyo maana familia zikimleta mtu wodini husema "aliteleza", na mimi muuguzi nikiandika "aliteleza" huku najua. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na katiba yao.

Uholanzi sheria ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2002, Ubelgiji ikafuata mwaka huohuo. Zote mbili hazidai kwamba mgonjwa awe karibu na kufa, na hazibagui kati ya mwili na akili. Ubelgiji, kama kifo hakiko karibu, daktari lazima awashirikishe wenzake wawili na asubiri mwezi mzima baada ya ombi la maandishi. Uholanzi, kwa maradhi ya akili, hutakiwa pia jicho la bingwa wa akili asiyehusika. Binti yule wa miaka 29 alingoja miaka mitatu na nusu, na wengi wanaoomba kwa sababu za akili hawakubaliwi. Hata hivyo idadi imepanda: mwaka 2010 walikuwa 2, mwaka 2024 walikuwa 219, kati ya vifo 9,958 vya namna hiyo nchini humo. Oregon, Marekani, sheria yao ni ya wanaokadiriwa kubakiwa na miezi sita tu, kwa hiyo maradhi ya akili peke yake hayamfungulii mtu mlango.

Kanada waliruhusu mwaka 2016 kwa waliokaribia kufa, wakaondoa sharti hilo mwaka 2021, na wakasema wenye ugonjwa wa akili pekee wangeruhusiwa baadaye. Baadaye hiyo ilikuwa Machi 2023. Ikasogezwa hadi Machi 2024. Ikasogezwa tena hadi tarehe 17 Machi 2027, serikali yao ikisema mfumo wa afya haujawa tayari. Mtu akikuambia "Kanada wanawaua wagonjwa wa akili", mwambie hivyo.

SASA MASWALI, MOJA MOJA

Usiulize "unakubali au unakataa?" Swali hilo linafunga watu midomo au linawafungua vibaya. Uliza kwanza: maumivu ya akili ni maumivu?

Hapo wengi wataguna kwamba ndiyo, kwa adabu tu. Usikubali adabu. Mimi hueleza habari za mwanamke niliyemuuguza miaka kumi na mmoja, sauti zikimtukana kichwani usiku kucha. Siku moja nilimwambia avumilie, akanijibu: "Sista, wewe ukitoka hapa unapumzika na ugonjwa wangu. Mimi ninalala nao." Baadaye akapata saratani ya mlango wa kizazi. Ndugu ambao hawakumtembelea miaka yote ile walikuja, wakaleta uji, wakaleta mashuka, wakamuuliza unaumwa wapi. Mofini ikamtuliza. Alifariki akiwa ameshikwa mkono. Na aliniambia, bila uchungu wowote, kwamba saratani ilimpa heshima ambayo kichwa chake hakikuwahi kumpatia.

Mwanajeshi wetu mzee aliposikia hayo alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Ndiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ilifika karibu na hapo, katika kesi ya daktari wa akili Boudewijn Chabot, aliyemsaidia kufa mwanamke wa miaka 50 aliyezika watoto wake wote wawili na hakuwa na ugonjwa wa mwili. Mahakama ilisema chanzo cha mateso, akili au mwili, si hoja. Lakini ilimtia daktari hatiani, ingawa haikumpa adhabu, kwa sababu hakuna mwenzake aliyekuwa amekaa na mwanamke yule na kumpima kwa macho yake. Na ikasema kwamba ikiwapo tiba ya kweli na mgonjwa akaikataa, basi mateso yake hayahesabiwi kuwa yamekosa njia.

Mimi sitaki sheria hiyo ije kwetu, nalisema wazi ili msije mkanidhania mimi refa. Ila nikiwa na watu wanaocheka haraka, upande ninaoutetea kwanza ni wa yule mwanamke. Nimeona wagonjwa wamefungwa minyororo kwenye mfenesi kwa sababu ukoo uliamua kwamba maneno yao hayana maana. Anayesema "mgonjwa wa akili hawezi kuamua lolote" anasema kile alichosema mwenye mnyororo.

Swali la pili: anaposema "nataka kufa", anayesema ni mtu au ugonjwa?

Hapa ndipo fundi wa redio anapotusaidia kuliko kitabu. Alfajiri ile nilimuuliza moja kwa moja: unafikiria kujiua? Akasema, "Tangu Ramadhani." Dawa yake ilikuwa imekosekana miezi mitatu kwenye kituo alichozoea, na ya kununua alishindwa. Alinikubalia nimwambie kaka yake. Kaka akahamia kwake, tukaenda kitengoni watatu, dawa tukaichangia barazani pasipo kutaja ni ya nani. Wiki tatu za kwanza sikuona tofauti yoyote, nami nililala vibaya. Ya tano akaanza kulalamika kwamba kaka yake anakoroma. Nikashukuru.

Alhamisi moja, miezi mingi baadaye, akasema mwenyewe: "Siku ile mngeniletea karatasi ningetia saini. Na mngenipima mngesema akili yangu timamu. Najua siku, najua jina la Rais, najua kufa ni nini. Leo nisingetia saini. Sasa, kati yangu wawili, mtamsikiliza nani?"

Kimya. Kisha mwanajeshi: "Basi na kiwanja usiuze, maana mwakani utabadilika."

Tulicheka, lakini jibu lile lina mfupa. Watu hubadilika, na hatuwanyimi uamuzi kwa sababu hiyo. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kukata tamaa ni moja ya dalili za ugonjwa wenyewe. Vipimo vya uwezo wa kuamua huuliza kama mtu anaelewa. Mgonjwa wa sonona anaelewa vizuri sana. Kilichoharibika ni macho anayoitazamia kesho. Lakini si kila mwenye ugonjwa wa akili ana sonona, na wako waliougua miaka thelathini wakiomba jambo lilelile kwa utulivu uleule. Usilifunge swali hili. Liache lining'inie, mimina kahawa.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda, na ndilo la kutumia ile safari ya kabatini: tunajuaje kwamba hakuna tiba?

Waambie ulichokikuta. Mara ya mwisho nilipokwenda, katika dawa sita nilizozitaja, mbili hazikuwepo. Waambie kwamba madaktari bingwa wa akili nchi nzima ni makumi tu, na sensa ya 2024 ilituhesabu zaidi ya milioni 45. Halafu warudishe Masaka na Rakai. Watafiti walichukua vijiji 30, katika baadhi ya vijiji wakaunda vikundi vya watu wenye hali ile ya kujichukia, wakakutana kila juma kwa wiki 16. Hapakuwa na dawa. Walioongoza ni watu wa huko huko waliofunzwa muda mfupi. Walizungumza misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha, upweke. Matokeo yalitoka mwaka 2003: waliobaki na sonona katika vikundi ni asilimia 6.5, na kwa wasiokuwa na vikundi asilimia 54.7. Kabla ya hapo ungeulizwa kuhusu mmoja wao, ungeapa kwamba hakuna tena la kufanya.

Kwa hiyo neno "haliponi" huko Amsterdam linatamkwa na daktari aliyemaliza kabati lote. Hapa kwetu lingetamkwa mbele ya kabati ambalo halijafunguliwa, na pengine ufunguo ameondoka nao mtu aliyekwenda semina. Msimamo wangu mzima uko hapo. Kijana wa boda alinipinga, na vizuri: "Sista, kwa hiyo Mholanzi ana haki ambayo mimi sina kwa sababu serikali yangu haikununua dawa? Mimi niadhibiwe mara mbili?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia haki ya kwanza kuidai ni dawa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Swali la nne ni la ukoo, na hili huwezi kuliazima kutoka Ulaya. Kule mtu mzima anaweza kuomba kusaidiwa kufa bila kumwambia ndugu yeyote. Ubelgiji dada wa mwanamke mmoja, Tine Nys, aliyesaidiwa kufa mwaka 2010, walilalamika hadi madaktari watatu wakafikishwa mahakamani Ghent mwaka 2020. Wote watatu wakaachiwa. Kwetu mgonjwa wodini bila mwangalizi hali chakula. Anayekupikia, anayekufulia, anayekulipia boda ndiye huyohuyo atakayerithi shamba lako, na ndiye aliyechoka. Waulize akina mama, wanajua kuliko wote. Muuza samaki mmoja alisema hajawahi kumsikia mgonjwa akisema "nataka kufa" pasipo kwanza kusema "nimekuwa mzigo". Akauliza mzigo huo alitwishwa na nani.

SHEHE NA KATEKISTA

Wape nafasi, lakini wasianze. Wakianza, wengine hufunga madaftari. Nilizungumza nao pembeni, wakanielewa. Shehe husoma aya ya 29 ya Sura ya nne, Sura ya Wanawake, "wala msijiue", kisha huongeza mwisho wake ambao watu huusahau, kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwahurumia. Hukumbusha pia kwamba kila ugonjwa umeshushiwa dawa. Katekista hukubaliana naye karibu yote, jambo ambalo hutufurahisha sote. Ninachowaomba ni kimoja: wasizungumzie moto wala kunyimwa mazishi. Aliye kwenye hatari barazani ameshajihukumu mwenyewe usiku mzima, na ukimwongezea hukumu, ataficha tu.

ALIYENYAMAZA

Mtazame anayecheka akichelewa. Mtazame anayeuliza mambo ya utaratibu: ofisi, fomu, umri. Mtazame aliyeanza ghafla kulipa madeni au kugawa vitu. Usimwite mbele za watu. Mwombe akusaidie kubeba viti, mkiwa wawili umuulize kwa maneno yake yote: unafikiria kujiua? Usizungushe kwa "usije ukafanya ujinga". Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humtua.

Akisema ndiyo, keti. Usihubiri, usimtajie watoto wake. Uliza tangu lini, na kama ameshapanga. Kama amepanga, asibaki peke yake hata kwenda msalani, na chochote alichokitaja kiondolewe nyumbani. Mwombe akutajie mtu mmoja wa kuambiwa. Kisha kitengoni usiku huohuo; jina la aliye zamu unalo mfukoni, ulilichukua jana.

KUMALIZA

Usipige kura. Nilipiga mara ile ya kwanza, saba kwa wanne, na walioshindwa walikwenda nyumbani wakiamini mtaa umewakataa. Nusu saa kabla ya magharibi nawaambia birika limekauka. Hakuna anayeondoka peke yake, vijana wa boda wanawafikisha wazee bila malipo.

Ijumaa asubuhi, kabla soko halijachangamka, napiga simu. Aliyesema machache zaidi ndiye wa kwanza. Juzi nilianza na mwalimu, akashangaa, akasema alikuwa na mafua tu. Nikampigia fundi wa redio kwa mazoea. Alipokea na kuniambia nisimsumbue, ana spika ya msikiti mezani na waya wake umeliwa na panya.